Usimwite Mwanao Sifuri



Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika: waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliofariki, na fedha za zaka na sadaka. Kabla ya kazi hii nilisoma chuo cha ualimu, na hesabu ndilo somo nililolipenda kupita yote. Basi leo nataka kuwaletea habari za neno moja la hesabu ambalo kila mtu hulitamka, mkubwa kwa mdogo, lakini ni wachache wanaojua lilikotoka. Neno lenyewe ni SIFURI.

Sababu ya kuandika ni hii. Siku chache baada ya kutoka matokeo ya kidato cha nne, mzee mmoja alifika ofisini kwangu pamoja na mwanawe wa kiume. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, Karani. Nimekuja kuomba cheti cha ubatizo cha huyu. Anakwenda kuomba nafasi chuo cha useremala, maana shule imemshinda. Kapata sifuri, na mwenyewe ni sifuri tu."

Yule kijana hakujibu neno. Alitazama chini, akawa anasugua sakafu kwa kidole cha mguu. Nilitaka kumjibu mzee mara ile ile, lakini si vema kumkosoa mtu mzima mbele ya mwanawe. Tena nilikumbuka kosa langu mwenyewe, ambalo nitawaeleza bila kuficha.

KOSA LA KARANI

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, mama mmoja mjane, muuza vitumbua, alileta zaka yake shilingi 10,500. Nikamwandikia stakabadhi sawasawa. Lakini usiku ule, nilipokuwa nahamisha hesabu kwenye daftari kubwa, taa inafifia na macho yamechoka, niliandika 1,500. Sifuri moja ilianguka njiani, ile iliyo kati ya moja na tano.

Mwisho wa mwaka orodha ikasomwa katika jumuiya yake. Jina la mama yule likatajwa pamoja na shilingi 1,500. Watu wakageuka kumtazama, maana wote walijua kiasi alichoahidi. Yeye hakubishana na mtu. Jumapili iliyofuata alinijia baada ya Misa, akafungua fundo la kanga yake, akatoa ile stakabadhi imekunjwa mara nne. Akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee hapa pameandikwa nini." Nikasoma. Nikaona aibu kubwa. Nikaenda katika jumuiya ile ile, nikaomba radhi mbele ya watu wote.

Sasa fikirini ninyi. Sisi husema sifuri si kitu. Lakini sifuri ile moja, kwa kukosekana tu, iliondoka na shilingi 9,000, ikaondoka na heshima ya mjane mbele ya jirani zake. Kitu kisicho na maana kitawezaje kufanya hayo?

SIFURI NI MTUNZA NAFASI

Nitawapa mfano wa benchi. Chukua benchi la watu watatu. Kulia kabisa huketi mamoja, katikati huketi makumi, kushoto huketi mamia. Andika mia moja na tano. Moja ameketi kwenye mamia, tano ameketi kwenye mamoja, na katikati hakuna mtu. Je, tufanyeje? Tukiacha pengo tu, watu watasogeleana, na yule wa mamia atajikuta ameketi mahali pa makumi. Hapo 105 imekuwa 15.

Ndipo tunapofanya kama wafanyavyo akina mama kanisani siku ya sikukuu. Mwenzao akichelewa, hutandika kanga juu ya benchi, na kila apitaye hujua kwamba nafasi ile ina mwenyewe. Sifuri ni kanga ile. Yenyewe haihesabiwi kama mtu, lakini bila yake kila mtu huketi mahali pasipo pake.

KAZI YA WARUMI NA YA WABABELI

Jumapili ijayo mkiingia kanisani, tazameni vituo vya Njia ya Msalaba ukutani. Makanisa mengi huviandika kwa namba za Kirumi: I, II, III, IV, hata kufika XIV. Tafuteni sifuri humo. Hamtaiona. Kituo cha kumi kimeandikwa X tu, alama moja, wala hakuna duara pembeni yake.

Warumi wa kale walijenga barabara, madaraja na majeshi makubwa bila sifuri. Waliandika mia moja na tano kwa herufi CV, na kumi na tano kwa herufi XV. Kila alama ilibeba thamani yake yenyewe popote ilipokaa, basi hawakuhitaji mtunza nafasi. Lakini jaribu kuzidisha XLVIII kwa XXVII kwa kalamu tu, utaona jasho. Kwa ajili ya kupiga hesabu walitumia ubao wenye mistari, wakapanga vijiwe juu yake. Jiwe dogo kwa Kilatini ni calculus, na katika neno hilo ndipo watu wa Ulaya walipata neno lao la kupiga hesabu.

Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo, Wababeli walikuwa wakiandika hesabu juu ya udongo mbichi, na namba zao zilikwenda kwa nafasi kama zetu. Palipokosekana kitu, waliacha pengo. Lakini pengo hudanganya, maana mwandishi mmoja huacha kubwa na mwingine huacha dogo. Hata miaka mia tatu hivi kabla ya Kristo walikuwa wanatumia alama ya vijembe viwili kuonyesha nafasi tupu. Ng'ambo ya bahari, katika Marekani ya Kati, watu wa Maya nao walikuwa na alama yao ya sifuri, ambayo mara nyingi walichora kama kombe la konokono. Hao hawakuonana kamwe na Wababeli, nao waliifikia kwa akili yao wenyewe.

Lakini sifuri hii ya kwetu, ile ya duara tuiandikayo kila siku, ilitoka Bara Hindi.

BARA HINDI: "TUPU"

Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindi, waliita alama ile shunya, maana yake tupu. Angalieni vizuri: hawakusema "si kitu", wala hawakusema "bure". Walisema "tupu", kama tusemavyo kibuyu kitupu au chumba kitupu. Kibuyu kitupu ni kibuyu bado, nacho kinangoja maji.

Mwaka 628 mtaalamu mmoja wa Bara Hindi, jina lake Brahmagupta, aliandika kitabu ambamo sifuri haikuwa tena mtunza nafasi tu, bali namba kamili yenye sheria zake. Alieleza kwamba namba ikiondolewa katika namba iliyo sawa nayo, inabaki sifuri; na namba yo yote ikizidishwa kwa sifuri, jibu ni sifuri. Sheria hizo ndizo tunazofundisha shuleni hata leo. Lakini alipofika kwenye kugawanya alijikwaa. Alisema sifuri ikigawanywa kwa sifuri jibu ni sifuri, na wataalamu wa leo hawalikubali jambo hilo. Basi hata yule aliyeipa dunia sheria za sifuri, sifuri ilimpiga chenga mahali pamoja, wala hakuna aliyesema kwamba mtu yule hakuwa na akili.

Katika mji wa Gwalior, Bara Hindi, lipo hekalu dogo lililochongwa katika mwamba. Ukutani kuna maandishi ya mwaka 876. Yanaeleza habari za kiwanja kilichotolewa kiwe bustani, urefu wake dhiraa 270, ili yapatikane mashada ya maua 50 kila siku kwa ajili ya hekalu. Katika 270 na katika 50 sifuri imechongwa kama duara dogo, na mtu wa leo huisoma bila kufundishwa. Yako maandishi ya zamani kuliko hayo katika nchi ya Kambodia, ya mwaka 683, ambamo sifuri ni nukta. Tena napenda sana kwamba sifuri ile ya Gwalior iliwekwa pale katika hesabu ya sadaka, kama zile ninazoandika mimi katika daftari langu.

BAGHDAD: SIFURI YAPATA JINA

Sifa za hesabu za Wahindi zilitangulia kuvuka mipaka. Mwaka 662 askofu mmoja wa Wakristo wa Siria, jina lake Severus Sebokht, aliandika akisifu namna Wahindi wanavyohesabu kwa alama tisa tu. Alisema tisa, wala sifuri hakuitaja.

Baadaye elimu hiyo ilifika Baghdad, mji mkuu wa Waarabu wa zamani zile. Hapo, katika karne ya tisa, al-Khwarizmi aliandika kitabu juu ya hesabu za Kihindi. Waarabu walipotaka kulitafsiri neno shunya, walitafuta katika lugha yao neno lenye maana ya tupu, wakalipata: sifr. Lilikuwa neno la kawaida kabla ya kuwa neno la hesabu. Hata leo Mwarabu akitaka kusema kwamba mtu amerudi mikono mitupu, husema mikono yake ni sifr.

Toka hapo neno lilishika njia mbili, na ndugu wasomaji, njia zote mbili zimefika kwetu.

NJIA YA KWANZA: KWA JAHAZI

Njia ya kwanza ni ya bahari. Kwa karne nyingi wafanyabiashara wa Arabuni, wa Uajemi na wa Bara Hindi walifika kwa pepo za msimu katika miji ya pwani yetu: Lamu, Mombasa, Unguja, Kilwa. Palipo biashara pana hesabu, na palipo hesabu maneno huazimwa. Tazameni jinsi tunavyohesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu, ndugu zake utawasikia katika lugha nyingi za vijijini kwetu. Lakini sita, saba na tisa yametoka Uarabuni, pamoja na ishirini, thelathini, mia na elfu. Laki imetoka Bara Hindi. Wazee wa zamani walisema kenda kwa tisa, na makumi waliyahesabu kwa miongo. Leo miongo tumeyaachia miaka.

Katika maneno hayo ya wageni limo pia sifr. Midomo ya Waswahili haipendi kumaliza neno kwa konsonanti, basi likawa sifuri. Watoto huniuliza kama sifuri ni ndugu wa sufuria, maana zote mbili ni za duara, na sufuria ya maskini mara nyingi ni tupu! Hapana. Sufuria limetoka katika neno la Kiarabu la shaba, kwa sababu vyombo vile zamani vilikuwa vya shaba. Maneno hayo yanafanana kwa sauti tu.

NJIA YA PILI: KWA KUPITIA ULAYA

Njia ya pili ni ndefu zaidi. Mmonaki Mfaransa aitwaye Gerbert alikwenda kusoma upande wa Hispania, akajifunza hesabu kwa alama mpya. Alitengeneza ubao wa kuhesabia wenye vipande vilivyoandikwa namba hizo. Mwaka 999 akawa Papa Silvesta wa Pili. Lakini juu ya ubao wake sifuri haikuhitajika, maana nafasi tupu iliachwa tupu.

Kisha akaja Leonardo wa Pisa, ambaye wengi humwita Fibonacci. Baba yake alifanya kazi kwa niaba ya wafanyabiashara wa Pisa katika bandari ya Bugia, Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Algeria. Huko, kwenye ardhi ya bara letu la Afrika, kijana Leonardo alifundishwa namba za Kihindi. Mwaka 1202 alitoa kitabu chake kikubwa, akawaeleza watu wa Ulaya zile alama tisa, pamoja na ile alama 0, ambayo kwa Kilatini aliiita zephirum.

Je, Ulaya waliipokea kwa furaha? Wengine, hapana. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa mji wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika vitabu vya fedha kwa namba hizo mpya. Ilikuwa rahisi mno kwa mwenye hila kuigeuza 0 iwe 6 au 9. Nami karani naielewa hofu yao! Ndiyo maana hata leo tukiandika stakabadhi tunaandika kiasi kwa tarakimu, halafu tunakirudia kwa maneno.

Neno zephirum likafupishwa na Waitalia likawa zero. Lakini lile lile neno la Kiarabu liliingia Kilatini kwa umbo jingine pia: cifra. Hapo maana zake zikatawanyika kama vifaranga. Wafaransa walilifanya chiffre, na Wajerumani Ziffer, nao humaanisha tarakimu yo yote, siyo sifuri peke yake. Waingereza walilifanya cipher, wakamaanisha sifuri, kisha tarakimu, kisha maandishi ya siri ambayo huandikwa kwa alama ili adui asiyasome. Neno la "tupu" limekuwa neno la "siri".

Tena Waingereza wa zamani walilitumia neno hilo kwa maana mbaya: mtu asiye na thamani, mtu anayehesabiwa tu bila kufaa. Basi yule mzee aliyekuja ofisini kwangu hakulibuni tusi lile. Ni tusi la karne nyingi, lililozaliwa mbali.

Hatimaye zero ikaingia katika shule zetu kwa Kiingereza, nasi tukaiita ziro. Mwalimu akisema, "Umepata ziro," na mama nyumbani akasema, "Ati umepata sifuri?" wametamka wajukuu wawili wa bibi mmoja. Mmoja alikuja kwa jahazi, mwingine alizunguka Pisa na London, wakakutana juu ya daftari la mtoto.

MWAKA USIOKUWAPO

Kanisa lenyewe linabeba alama ya habari hii katika kalenda. Mwaka 525 mmonaki Dionisi Mdogo alitengeneza jedwali la kutafutia tarehe ya Pasaka, akaanza kuhesabu miaka toka Umwilisho wa Bwana. Pale alipohitaji kuonyesha kwamba hakuna siku za kuongeza, aliandika kwa Kilatini nulla, yaani hakuna. Namba ya sifuri hakuwa nayo. Kwa hiyo katika hesabu yetu ya miaka, baada ya mwaka 1 kabla ya Kristo unafuata mara mwaka 1 baada ya Kristo. Mwaka 0 haupo.

Ndiyo maana milenia ya pili ilikwisha mwisho wa mwaka 2000, siyo mwisho wa 1999. Jubilei Kuu aliyoitangaza Papa Yohane Paulo wa Pili ilianza mkesha wa Noeli 1999, ikafungwa tarehe 6 Januari 2001, nayo ikaukumbatia mwaka 2000 wote. Watu wengi walibishana siku zile. Kisa chake ni sifuri iliyokosekana karne kumi na tano zilizopita.

SIFURI KATIKA VINYWA VYETU

Na sisi tumelikuza neno hili kwa namna yetu. Wachezaji wa mpira husema moja bila, yaani wengine wamepata moja, wenzao hawana. Wanafunzi hutaniana kwa nunge. Mtu aliyefilisika husema, "Naanza sifuri," wala hapo sifuri si mwisho wake. Ni mahali pa kuweka mguu wa kwanza.

Tena sasa ipo sifuri inayoombwa na kutafutwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, katika mpango wake wa mwaka 2011 hadi 2015, lilitaja shabaha za sifuri tatu: maambukizi mapya sifuri, unyanyapaa sifuri, vifo vya UKIMWI sifuri. Mkunga akiandika mwisho wa mwezi kwamba mama waliokufa kwa uzazi ni 0, je, kuna namba nzuri kuliko hiyo katika kitabu chake chote? Basi neno halina ubaya wake lenyewe. Ubaya ama uzuri unategemea limewekwa wapi, nani kaliweka.

Tuje kwenye mitihani. Daraja la sifuri katika kidato cha nne ni habari nzito, wala siwaambii wazazi wacheke. Ada imelipwa, pengine ng'ombe ameuzwa. Lakini kumbukeni matokeo ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Tanzania waliwekwa katika daraja la sifuri. Nchi nzima ilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, na baadaye alama zikapangwa upya, idadi ile ikapungua. Basi walikuwako vijana waliolala ni sifuri, wakaamka si sifuri, na katikati hawakufungua kitabu hata kimoja. Hiyo yatuonyesha kwamba alama ile huandikwa juu ya karatasi ya mtihani. Haiandikwi juu ya mtoto.

Mwalimu akiandika sifuri, anasema: mahali hapa, siku ya leo, ni patupu. Ni neno la kweli nalo lina kazi, maana linaonyesha palipo na pengo. Lakini mzazi akisema, "Wewe ni sifuri," amelitoa neno mahali pake, akalipachika juu ya mtu. Amefanya kosa kama langu la daftari: tarakimu moja imekaa pasipo pake, na heshima ya mtu imeondoka nayo.

JARIBUNI JIONI HII

Baada ya chakula, mwiteni mtoto wa darasa la tatu au la nne aje na karatasi. Mwambieni aandike: mia tatu na saba, elfu mbili na kumi, elfu arobaini na tano. Kisha afute sifuri zote, asome kilichobaki. Ataona 37, na 21, na 45, naye atacheka. Mwulizeni: fedha za nyumba zingekuwa hizo, ungekubali?

Kisha mtegeeni kitendawili hiki: "Nikiwa peke yangu sina kitu, nikisimama kuliani kwako, unakua mara kumi." Asipotegua, mpeni muda. Msimpe mji upesi.

MWISHO WA HABARI YA MZEE

Sasa nirudi ofisini. Nilitafuta jina la kijana katika kitabu cha ubatizo, nikaliona. Wakati naandika cheti, nikamwonyesha mzee lile daftari la zaka, mahali palipokatwa kwa wino mwekundu, nikamsimulia habari ya mjane na sifuri iliyoanguka. Alisikiliza bila kusema. Kijana alikuwa ameinua macho.

Nilipomaliza, nikaomba namba ya simu ya mzee, ili chuo kikihitaji barua ya parokia niweze kumpata. Akaanza kunitajia: "Sifuri, saba..." Nikamzuia. Nikasema, "Mzee wangu, hiyo sifuri ya mwanzo nisiiandike. Si sifuri tu? Tena iko mbele, haina thamani."

Akasema kwa haraka, "Aa, Karani, usiponiandikia sifuri hunipati!"

Kisha akanyamaza. Akamtazama mwanawe, akatazama daftari langu, akacheka kidogo kama mtu aliyekamatwa. Hakuomba radhi kwa maneno; wazee wetu wengi si wa kuomba radhi kwa maneno. Lakini nilipomaliza kugonga muhuri, hakukipokea cheti kwa mkono wake. Aliniambia, "Mpe mwenyewe. Ni chake."

Kijana akakipokea kwa mikono miwili, akakisoma jina lake toka mwanzo hata mwisho. Wakaagana nami, wakaondoka pamoja kwenda kuwahi gari la saa nane.